Usiku mmoja kilimani, juu ya bonde la Ziwa Rukwa



Sisi wakazi wa Tunduma hatuna mazoea ya kwenda kulala porini kwa hiari. Mji wetu ni mji wa malori na mizigo. Barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati yake, reli ya TAZARA inapita humo humo, na ng'ambo ya mpaka uko mji wa Nakonde, karibu kiasi kwamba mtu anaweza kusikia adhana ya upande mmoja akiwa upande wa pili. Biashara haina saa. Sisi mume na mke tunaoandika makala haya tuna duka la nafaka, na kwa miaka kumi na mmoja duka hilo limefunguliwa kabla ya jua kuchomoza na kufungwa baada ya Isha. Tulidhani kwamba huko ndiko kuilea familia.

Mwezi Aprili mwaka huu ustadhi wa madrasa alikuja nyumbani baada ya Magharibi. Alikaa, akanywa chai, akauliza hali za wote, kisha akasema kwa upole kwamba kijana wetu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na minne, hajaonekana madrasa kwa wiki sita. Tulipofuatilia shuleni tukaambiwa kwamba na huko mahudhurio yake yalikuwa ya kuungaunga. Kwa muda wote huo kijana alikuwa akisukuma mkokoteni wa mizigo ya watu karibu na mpaka, kwa malipo ya siku.

Hatutaficha kwamba tulimkaripia kwa maneno makali. Yeye hakujibu. Tangu siku ile alirudi shuleni na madrasa, akatii kila alichoambiwa, lakini maneno yake nyumbani yakawa salamu na "ndiyo" tu. Miezi miwili tuliishi na mtoto aliyekuwapo na asiyekuwapo.

Bibi yao, mama mzazi wa baba, ndiye aliyetoa shauri. Alisema: "Mmemsemesha mkiwa mmesimama. Mtafutieni mahali mtakapokaa naye." Shule zilipofungwa mwezi Juni, tukaamua kufunga duka siku mbili, Jumamosi na Jumapili, tukaenda kupiga kambi juu ya kilima kinachotazama bonde la Ziwa Rukwa.

Njiani: chuma kilichotoka mbinguni

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri kwa pikapu ya jirani, watu sita: sisi wawili, bibi, kijana wetu na wadogo zake wawili wa kike. Tulipita Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, tukaiacha barabara kuu kwenda Ndolezi kukitazama Kimondo cha Mbozi. Tunaona aibu kukiri kwamba watu hutoka nchi za mbali kuja kukiona, nasi tulio jirani zake tulikuwa hatujawahi kufika.

Kimondo hicho ni pande la chuma lenye urefu wa takriban mita tatu na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Habari zake ziliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1930. Udongo uliokizunguka umechimbwa, nacho kimebaki juu ya kitako chake kikionekana pande zote. Ukikigusa asubuhi ya Juni ni baridi kama sufuria iliyolala nje.

Binti yetu mdogo aliuliza kama kilianguka kwa sababu mtu alifanya makosa. Bibi akacheka, akamkumbusha kwamba katika Qur'ani imo sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na kwamba humo Mwenyezi Mungu anakitaja chuma kuwa ni kitu alichokiteremsha, chenye nguvu na manufaa kwa watu. Kijana wetu alisikiliza. Baadaye tulimwona amebaki nyuma peke yake, kiganja kimelala juu ya lile pande.

Kuupata ukingo

Kutoka hapo tulirudi barabara kuu hadi Mlowo, tukashika barabara ya kwenda Kamsamba. Nchi ya Mbozi ni nyanda za juu, zenye mashamba ya mahindi na kahawa. Lakini ukielekea kaskazini inafika mahali ardhi inakatika ghafla, na chini yake linatandaa bonde la Rukwa, mamia ya mita chini. Bonde hilo ni sehemu ya Bonde la Ufa, lile lile lililobeba Tanganyika upande mmoja na Nyasa upande mwingine.

Pale ukingoni hakuna kambi ya kitalii, wala mapokezi, wala bei iliyobandikwa ukutani. Tulikwenda kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, tukaeleza nia yetu, tukaandikwa katika daftari la wageni, tukapewa mzee mmoja atuonyeshe kilima na mahali pa kuwasha moto pasipohatarisha msitu na mashamba ya watu. Mzee huyo, Mnyiha mwenye umri wa kumzidi bibi, alikaa nasi hadi alasiri.

Alitueleza habari za ziwa kama mtu anayemweleza mgeni tabia za ndugu yake. Ziwa Rukwa lina mito inayoingia, mkubwa kwetu ukiwa Momba na Songwe, lakini halina mto hata mmoja utokao. Maji yake hupungua kwa jua tu, ndiyo maana yana magadi. Kina chake ni mita chache, kwa hiyo mvua zikiwa nyingi ziwa hujitandaza na kumeza malisho na vijiji, na zikiadimika hurudi nyuma likaacha tope lililopasuka. Lina samaki, lina viboko na mamba. Nchi tambarare zilizolizunguka zinajulikana pia kuwa mazalio ya nzige wekundu, ambao zamani walivuka mipaka ya nchi nyingi na kuleta njaa. Na katika mwaka 2016 dunia ilisikia kwamba chini ya ardhi ya bonde hilo hilo kuna gesi ya heliamu.

Kijana wetu aliuliza swali lake la kwanza la siku: "Babu, Songwe si ule wa mpakani na Malawi?" Mzee akamwambia ipo mito miwili yenye jina hilo: mmoja uko Ileje, unatenganisha nchi yetu na Malawi na kuishia Ziwa Nyasa, mwingine unamwaga maji yake Rukwa. Jina moja, na kila mmoja umeshika njia yake.

Tatizo lilikuwa kwamba ziwa lenyewe hatukuliona. Majira hayo watu huchoma nyasi, na moshi uliochanganyika na vumbi ulikuwa umefunika bonde lote. Mbele yetu palikuwa na weupe mtupu. Mabinti walinung'unika. Mzee akasema, "Subirini asubuhi," akaaga.

Sala na moto

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri, baada ya kumuuliza ustadhi kabla ya safari kuhusu umbali wetu. Kutafuta kibla lilikuwa somo jingine. Nyumbani tunafuata mihrabu bila kufikiri. Pale tulitumia dira: kutoka pande zetu hizi Makka iko kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki. Maana yake ni kwamba tulipojipanga safu, tulikuwa tumeelekea ule weupe, mahali ziwa lilipojificha.

Mabinti, mama yao na bibi walilala katika hema la kuazima, na mlango wake ukaelekezwa mbali na njia. Wanaume walilala chini ya turubai kuukuu la lori lililofungwa kwa kamba kati ya miti miwili. Chakula kilikuwa ugali na samaki wakavu wa Rukwa tuliowanunua njiani, na viazi vilivyofukiwa katika majivu. Baada ya Isha baridi ilishuka, ile baridi ya nyanda za juu ambayo mtu wa pwani haiamini mpaka imkute.

Moto haukupaswa kuachwa peke yake. Baba na kijana wakakabidhiwa zamu ya kwanza. Kwa saa nzima hawakuzungumza ila kuhusu kuni. Mama alikuwa hemani, macho wazi, akisikia kila kitu. Ndiyo maana tunaweza kuyasimulia haya sote wawili.

Baba hatimaye hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama mkokoteni ule ulikuwa mzito. Kijana akasema haukuwa mzito sana, ila kilima cha kupandia sokoni. Kisha akasema, taratibu, kwamba njia yake ya kila siku ilikuwa inapita mbele ya duka letu. Wenzake walipita njia fupi ya nyuma. Yeye alichagua hiyo ya mbele.

"Nilikuwa napita asubuhi na jioni, baba. Nilidhani siku moja utaniona, utaniita. Hukuinua kichwa."

Wiki sita. Asubuhi na jioni. Sote wawili tulikuwa dukani siku nyingi kati ya hizo, mmoja kwenye mizani na mwingine kwenye daftari la madeni. Tunajua idadi ya magunia yaliyotoka katika wiki zile. Mtoto wetu hatukumwona.

Baba hakuwa na jibu. Alisema, "Nisamehe, mwanangu," neno ambalo hajalisema mara nyingi kwa mtu mdogo kwake. Kijana naye akasema amekosa kwa kudanganya. Wakaongeza kuni. Hapakuwa na zaidi.

Alfajiri

Saa kumi na moja bibi alituamsha. Mbingu ilikuwa imesafika. Akatuonyesha kilimia, lile fungu dogo la nyota, limepanda upande wa mashariki. Alizaliwa Kilwa, kwa wakulima waliolitumia kuhesabu majira, na akawafundisha wajukuu msemo wa kwao: kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.

Kijana ndiye aliyeadhini. Baba alitangulia mbele, sisi wengine nyuma. Tulipotoa salamu, mwanga ulikuwa umeanza, na usiku ulikuwa umeutuliza moshi. Mbele yetu, upande ule ule tuliousujudia, palionekana mstari mrefu wa fedha, hauna mwisho kushoto wala kulia. Binti mdogo alilitambua wa kwanza: "Lile!" Tulikaa juu ya mikeka, tukanywa kahawa ya Mbozi kutoka kwenye chupa ya chai, tukalitazama hadi jua lilipopanda na weupe kurudi. Halikuonekana hata saa mbili. Ilitosha.

Kwa familia zinazokusudia

Wengi wametuuliza maswali tangu turudi, nasi tunayajibu kwa ufupi.

Anzieni ofisi ya kijiji. Ardhi si ya bure kwa sababu tu haina uzio, na mgeni aliyejulishwa hulindwa. Kama mahali mlipopachagua ni hifadhi ya msitu, ruhusa iko kwa mamlaka husika, na kuwasha moto huenda kusiruhusiwe kabisa.

Nendeni miezi ya kiangazi, lakini chukueni mablanketi kuliko mnavyodhani. Bebeni maji ya kunywa, ya kupikia na ya udhu. Udhu wa porini unawafundisha watoto kwamba kikombe kimoja kikubwa kinatosha. Hakuna somo la israfu lililo bora kuliko hilo.

Wekeni sitara ya wanawake mapema kabla ya giza. Fyekeni nyasi kuzunguka moto, uzimeni kwa maji na udongo mpaka majivu yapoe mkononi. Vaeni viatu vilivyofunika miguu, kung'uteni viatu kabla ya kuvaa asubuhi, na takataka zote zirudi nanyi mjini.

Na simu zizimwe. Hili kwetu lilikuwa gumu kuliko baridi.

Hatukurudi Tunduma tukiwa familia mpya. Kijana ana masomo ya wiki sita ya kufidia, na kuna siku bado ananyamaza. Lakini duka sasa linafungwa kabla ya Magharibi, na kati ya sala hiyo na Isha hakuna mteja anayehudumiwa. Tumepoteza mauzo, hatutasema hatukuyasikia. Ile hadithi ya uchunga ambayo sote tunaikariri misikitini tuliijua kwa moyo, na kundi lilikuwa likipita mbele ya macho yetu na mkokoteni.

Tunamwomba Allah (SW) atujaalie macho ya kuwaona watoto wetu wangali karibu, na awafanye kitulizo cha macho yetu. Aamin.