Wanaokataa Saa Iliyong'arishwa

Fundi akipelekewa saa kuukuu ya mkononi, mara nyingi huisugua ing'ae na kuupaka uso wake rangi mpya. Mwenye saa hushukuru. Mkusanyaji wa saa za kale za kifahari akiiona baadaye husikitika, kwa kuwa thamani yake kubwa imeshaondoka.

Wakusanyaji hawa hukutana Geneva kila Mei na Novemba, msimu wa minada. Wakishasalimiana, saa huvuliwa na kupokezanwa. Anayepokea hashughuliki sana na jina la Rolex au Patek Philippe. Anaweka lenzi jichoni na kukagua vitone vya uso wa saa. Kuanzia miaka ya 1960 hadi karibu na mwisho wa karne, vitone hivyo vilitiwa tritiamu ili viwake gizani. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo leo vingi haviwaki tena, na mara nyingi weupe wake umegeuka manjano. Akrabu nazo zinatakiwa ziwe zimezeeka vivyo hivyo. Zikiwa nyeupe pepepe, huenda zimebadilishwa. Kisha anaigeuza saa ubavu: kingo za kasha zikiwa bado kali, haijapigwa msasa, zikiwa zimelainika, chuma kimeshaliwa.

Baada ya hapo huulizwa nasaba. Ilikuwa ya nani? Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, aliyopewa na mkewe ikiwa imechongwa nyuma maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.

Kwetu sisi Waswahili, nasaba ya saa za Oman inatugusa zaidi. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya jambia usoni au mgongoni, akawatunuku watu waliomtumikia, wakiwamo maofisa wa Kiingereza. Leo saa hizo hugombewa, na nyuso za bandia zipo. Ndiyo maana barua au picha ya aliyetunukiwa hudaiwa kabla ya pesa kutoka.

Mimi naona desturi hii ya kutogusa uso wala kasha ni ya haki, maana inamheshimu aliyeivaa saa. Nisichokubali ni kuifungia kwenye sefu miaka nenda miaka rudi. Saa imetengenezwa itembee.

Kwa hiyo, ewe uliyeachiwa saa ya namna hii na babu yako, iwe Muscat au Unguja, mwambie fundi asafishe mashine na kuitia mafuta tu, uso na kasha aviache. Tunza boksi na risiti. Na wazee wangali hai, waulize nani alimpa babu saa hiyo na mwaka gani, uandike.