Ngoma Ikivuma Sana Hupasuka: Jinsi ya Kurejesha Utulivu Baada ya Kuzidisha Taamuli

TAAMULI, yaani zoezi la kuketi kimya na kukusanya fikira mahali pamoja, husifiwa kila mara kuwa dawa ya mawazo mengi, ukosefu wa usingizi na uchovu wa maisha ya mjini. Ni kweli kwamba watu wengi hunufaika nalo. Hata hivyo, wapo ambao zoezi hilo, linapopita kiasi, huwageukia na kuwanyima utulivu ule ule waliokuwa wakiutafuta.

Mtu wa aina hiyo aghalabu huanza kwa kuketi dakika ishirini kila asubuhi. Akiona faida, huongeza muda hadi saa mbili, kisha hujiunga na kambi ya kimya ambako washiriki huamka kabla ya mapambazuko na kuketi kwa takriban saa kumi kila siku, siku kumi mfululizo, bila kuzungumza wao kwa wao. Arejeapo nyumbani, usingizi humpaa. Moyo humdunda bila sababu. Honi za magari humchoma masikioni. Vitu alivyovizoea huonekana kana kwamba viko nyuma ya kioo, na huenda hata mikono yake mwenyewe akaiona kama ya mtu mwingine.

Anapoeleza masaibu yake kwa wenzake, mara nyingi huambiwa jambo moja tu: azidi kuketi, kwani dhiki hiyo ni dalili ya kupiga hatua. Ushauri huo ndio unaowaponza wengi. Historia ya taamuli yenyewe, pamoja na utafiti wa miaka ya hivi karibuni, yaonyesha kwamba aliyeumizwa na zoezi hili hapati nafuu kwa kulizidisha. Hupona kwa kulipunguza au kuliacha kwa muda, na kuurudia mwili, chakula, usingizi na watu.

Maradhi ya mtawa Hakuin

Kisa mashuhuri zaidi kuhusu jambo hili ni cha Hakuin, mtawa wa madhehebu ya Zen nchini Japani, aliyezaliwa katika miaka ya 1680 kwenye kijiji cha Hara, karibu na Mlima Fuji. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Hakuin alijitosa katika taamuli mchana na usiku, akapuuza chakula na usingizi kwa kuamini kwamba bidii peke yake ingemfikisha alikotaka.

Katika kitabu chake kiitwacho Yasenkanna, kilichochapishwa mwaka wa 1757, mtawa huyo alieleza yaliyompata. Alihisi moto ukipanda kifuani na kichwani, ilhali miguu yake ilikuwa baridi kama iliyotumbukizwa kwenye barafu. Masikioni alisikia mvumo kama wa maji ya mto bondeni. Alijawa na woga, akachoka mwili na akili, na akawa anaona maono ya ajabu akiwa macho na hata usingizini. Makwapa yalimtoka jasho na macho yakamlengalenga machozi. Aliwaendea walimu na matabibu wengi, wasimfae kitu.

Hatimaye, kwa mujibu wa masimulizi yake, alipanda mlimani karibu na jiji la Kyoto kumtafuta mzee mmoja aliyeishi pangoni, jina lake Hakuyu. Wapo wasomi wanaotilia shaka iwapo mkutano huo ulitukia jinsi alivyousimulia. Lakini tiba anayoieleza ni bayana. Mzee hakumwambia akaze mwendo. Alimweleza kwamba taamuli isiyo na kiasi ndiyo iliyomfikisha pale, na kwamba ilimpasa kuziteremsha fikira zake kutoka kichwani hadi chini ya kitovu na kwenye nyayo.

Njia aliyofundishwa ni nyepesi. Mgonjwa hujidhania amewekewa utosini donge la siagi laini lenye ukubwa wa yai la bata. Siagi hiyo huyeyuka polepole, ikatiririka mabegani, kifuani na tumboni, ikashuka mapajani hadi kwenye nyayo, huku mwili ukipata joto na kulegea. Hakuin asema alipona kwa kufuata mafunzo hayo, akafundisha wanafunzi wengi na kuishi hadi akapita umri wa miaka 80.

Si lazima msomaji wa leo akubali maelezo ya mzee yule kuhusu moto na baridi mwilini ndipo aione hekima iliyomo. Mtu aliyekuwa amezama katika fikira zake alirudishwa kwenye miguu yake mwenyewe.

Onyo la tangu jadi

Hakuin hakuwa wa kwanza. Maandiko ya kale ya Wabuddha yasimulia habari za Sona, kijana wa ukoo wa kitajiri nchini India, aliyetembea huku na huko katika taamuli hadi nyayo zikatoka damu. Alipokaribia kukata tamaa, Buddha alimkumbusha ala ya nyuzi aliyokuwa hodari kuipiga kabla ya kuwa mtawa. Uzi ukikazwa mno hautoi sauti nzuri, na ukilegezwa mno hautoi pia. Kila apigaye udi katika taarabu za Mombasa au Lamu aufahamu ukweli huo bila kuelezwa.

Huko Tibet, matabibu wa jadi huyaita maradhi ya namna hii kwa neno lenye maana ya upepo. Wao husema kuwa upepo wa ndani huvurugika mtu anapoikaza akili kupita kiasi. Tiba yao ni chakula kizito chenye mafuta, mchuzi wa mifupa, mahali penye joto, mapumziko na maongezi na marafiki wapenzi.

Dini nyingine nazo zina mafunzo yanayokaribiana na hayo, ingawa ibada zake si taamuli kwa maana ile ile. John Cassian, mwandishi Mkristo wa karne ya tano, alisimulia habari za mtawa Heron aliyeishi jangwani Misri kwa miaka hamsini, akijinyima kwa ukali hata akakataa kula na wenzake siku ya Pasaka. Mwishowe alipotokwa na busara na kufa kifo cha kusikitisha. Wazee wa jangwani walimtaja kama funzo kwamba juhudi isiyo na kiasi huangamiza.

Waislamu nao wanakijua kisa cha sahaba Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hata akaisahau nyumba yake. Sahaba mwenziwe, Salman, alimfanya ale na alale kwanza, kisha akamwamsha wakasali pamoja sehemu ya mwisho ya usiku. Alimweleza kwamba Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake na jamaa wana haki yao. Mtume alipopashwa habari hiyo, alimuunga mkono Salman.

Yaliyobainishwa na watafiti

Kwa muda mrefu wanasayansi walichunguza zaidi faida za taamuli. Mambo yamebadilika. Mnamo 2017, Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi uliotokana na mahojiano na watu 60 wa nchi za Magharibi waliofuata taamuli za Kibuddha na kukumbana na matatizo. Watafiti hao waliorodhesha aina 59 za mambo yaliyowapata: hofu, kukosa usingizi, mwili kutetemeka wenyewe, mwanga kuumiza macho, kupotewa na hisia za upendo kwa jamaa, na hata kutojihisi kuwa mtu kamili. Kwa baadhi yao matatizo yalikwisha baada ya siku chache. Kwa wengine yalidumu kwa miaka.

Mnamo 2020, kundi lililoongozwa na Miguel Farias wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, lilikusanya matokeo ya tafiti 83 zilizohusu watu 6,703. Kwa jumla, takriban asilimia 8.3 walipatwa na madhara, ya kawaida zaidi yakiwa wasiwasi na huzuni nzito. Katika tafiti za majaribio, ambapo watu hufundishwa kwa utaratibu na kwa muda uliopangwa, kiwango kilikuwa asilimia 3.7 pekee. Katika zile zilizowachunguza watu wanaofanya zoezi hili kwa njia zao wenyewe, kiwango kilipanda hadi asilimia 33.2.

Takwimu hizo hazimaanishi kwamba taamuli ni sumu. Dawa nyingi zenye manufaa huwa na madhara, na wengi waliohojiwa katika tafiti za aina hii hawakujuta kuanza zoezi hilo. Zinachothibitisha ni kwamba anayeugua si mzembe wala hana kasoro ya pekee, na hastahili kulaumiwa.

Chanzo cha matatizo

Sababu si moja. Kwanza, kambi nyingi hupunguza usingizi na chakula, na yeyote anayekosa usingizi kwa siku kadhaa huanza kuyumba hata kama hajaketi kimya. Pili, kuufuatilia kila mwendo wa pumzi na kila mchomo wa mwili kwa saa nyingi huzifanya hisia kuwa kali kupindukia, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho ikakosa wa kuipunguza.

Tatu, shughuli za kila siku humsaidia mtu kuziweka kando kumbukumbu chungu. Zinapoondolewa zote kwa mpigo, mambo kama vile kipigo cha utotoni, ajali au msiba ambao haukuliliwa huweza kumjia kwa pamoja, tena akiwa amekatazwa kuzungumza na mtu. Aidha, wale wenye historia ya ugonjwa wa akili, wao wenyewe au katika ukoo, wamo katika hatari zaidi.

Njia ya kurejea

Hatua ya kwanza ni kuacha kwa muda, au kupunguza kabisa. Hili huwa gumu kwa mtu aliyeamini kwamba kuacha ni kushindwa. Yafaa akumbuke kwamba mkimbiaji aliyeteguka kifundo hapangiwi mbio ndefu zaidi, bali hupumzishwa mguu.

Hatua ya pili ni kuurudia mwili kwa mambo ya kawaida. Mgonjwa ale milo mitatu kwa saa zake, ikiwemo vyakula vya kushibisha kama ugali, viazi, maharagwe, nyama na mchuzi. Mfungo si wakati wake. Alale na kuamka saa zile zile kila siku, apunguze kahawa na chai kali, na aepuke kabisa pombe, bangi na miraa, ambazo huweza kuongeza moto kwenye makaa.

Hatua ya tatu ni kazi ya mikono na mwendo wa miguu. Kulima, kufua nguo, kupika, kufagia ua au kutembea kwa miguu huyavuta mawazo nje ya kichwa. Hofu au hisia ya kuelea inapompanda, asifumbe macho. Ayafumbue, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ashike kitu cha baridi au kizito, na ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona mbele yake. Anayetaka kujaribu mbinu ya siagi ya Hakuin anaweza kufanya hivyo kwa dakika chache, lakini aiache mara moja ikiwa inamzidishia taabu.

Hatua ya nne ni watu. Upweke ulikuwa sehemu ya maradhi, kwa hivyo uchangamfu ni sehemu ya dawa. Maongezi ya kawaida kuhusu mpira, mvua na bei ya unga huweza kumfaa kuliko mjadala mrefu juu ya maana ya maono yake. Jamaa nao wajihadhari wasimcheke, wala wasikimbilie kusema amerogwa au amepagawa. Maneno hayo humzidishia hofu na kumcheleweshea matibabu.

Wakati wa kumwona daktari

Zipo dalili zisizofaa kusubiriwa nyumbani. Mtu anayekaa siku kadhaa bila usingizi, anayesikia sauti zinazomwamrisha, anayekataa chakula, anayeamini ana uwezo usio wa kawaida au anayezungumzia kujiua, sharti apelekwe hospitalini mara moja. Anayetumia dawa za ugonjwa wa akili asiziache kwa kudhani kwamba taamuli imechukua nafasi yake.

Daktari naye aelezwe yote kinaganaga: aina ya zoezi, saa alizoketi kila siku, na siku dalili zilipoanza. Tangu 1994, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umekuwa na sehemu ya matatizo ya kidini au ya kiroho, ili yasichanganywe ovyo na wendawazimu. Daktari asiyeambiwa habari hizo hawezi kupambanua.

Je, aliyepona anaweza kuketi tena? Baadhi hurudi na wengine huacha kabisa, na wote wawili wamefanya vyema iwapo wana afya. Anayerudi asubiri hadi alale vizuri na kufanya kazi zake kwa majuma kadhaa bila tatizo. Aanze kwa dakika tano au kumi, macho yakiwa wazi, akiwa na mwalimu ambaye yu tayari kumwambia asimame. Mwalimu ambaye jibu lake kwa kila dhiki ni kuongeza saa za kuketi afaa kuepukwa, hata awe na sifa kubwa namna gani.

Kipimo cha kufaulu si wingi wa saa wala uzito wa maono. Mwenye utulivu wa kweli hulala usiku, hula na jamaa zake, huenda kazini na kuwasikiliza watu wanaozungumza naye. Mambo hayo yanaporejea, hata kama polepole, mtu na ajue kuwa yumo njiani kupona.