Siku Moja kwa Miguu Mjini Lisbon

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na binti yetu mwenye umri wa miaka 12. Siku tuliyokuwa nayo Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilikuwa moja tu, nasi tukaazimia kuitumia kwa miguu, kwani mitaa ya kale ya mji huo ni myembamba kama vichochoro vya Mji wa Kale kwetu Mombasa, na gari humo ni taabu tupu.

Wasomaji wapenzi, la kwanza ni viatu. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyolainishwa na nyayo za watu hadi vikawa kama sabuni, na mji wote ni vilima. Mimi niliyevaa makubadhi niliteleza mara mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Tulianzia juu, kwenye ngome ya São Jorge. Waislamu waliutawala mji huu kwa zaidi ya miaka 400, wakiuita al-Ushbuna, na ngome iliyo kileleni waliijenga wao. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques, akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliotoka kaskazini mwa Ulaya, aliuzingira mji tangu Julai hadi Oktoba, akauteka. Kutoka huko juu tuliteremka hadi Portas do Sol, ambako kipande cha ukuta wa zamani wa Waislamu kingali kimesimama, tukaingia mtaa wa Alfama. Jina hilo asili yake ni Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi ya maji ya moto. Nguo zilikuwa zimeanikwa madirishani juu ya vichwa vyetu, na moshi wa dagaa wakubwa waliokuwa wakichomwa vibarazani ulitufuata kona hadi kona. Ungefumba macho, ungedhani uko Kibokoni.

Chini ya Alfama lipo kanisa kuu, lililojengwa baada ya ushindi ule mahali uliposimama msikiti mkuu. Hapo binti yetu alisoma kibao kilichoandikwa igreja, akauliza maana yake. Baba yake akamwambia ni kanisa, na kwamba neno hilo ndilo lililotupa sisi “gereza”. Basi tangu hapo ukawa mchezo wa safari. Mesa ikawa meza, bandeira ikawa bendera, na lenço, kitambaa, ikawa leso, hii hii niliyokuwa nimejitanda mabegani. Nao Wareno wamechukua kwa Waarabu: mafuta ya zeituni huyaita azeite, na wakitumaini jambo husema oxalá, neno linalotokana na kumtaja Mwenyezi Mungu na kutaka Kwake.

Tulivuka Baixa, sehemu ya bondeni, kwa haraka. Mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari kwa sababu tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755 liliibomoa yote, ikajengwa upya kwa amri ya waziri wa mfalme, Marquês de Pombal. Ni pazuri, ila ni maduka matupu.

Mouraria ndiko tulikokawia. Baada ya 1147 Waislamu waliobaki walisukumwa nje ya ukuta, wakaishi katika mtaa huu ulio upande wa pili wa kilima cha ngome. Mwaka 1170 mfalme aliwapa hati ya kuwalinda, wakakaa hapo karne baada ya karne. Kisha, Desemba 1496, mfalme Manuel wa Kwanza akatoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu waihame Ureno au wabatizwe. Tafadhali iwekeni tarehe hiyo kando ya nyingine mnayoijua: Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama, mtumishi wa mfalme huyo huyo, zilitia nanga mbele ya Mombasa. Ni miezi 16 tu baina ya mambo mawili hayo.

Leo Mouraria imejaa tena Waislamu, wengi wao Wabengali wenye maduka ya viungo na simu. Tuliswali adhuhuri katika msikiti wao mdogo wa kichochoroni, kisha tukala wali na nyama ya halali. Mji unao pia msikiti mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985 kwa juhudi za jamii ambayo wengi wao asili yao ni Msumbiji, lakini uko mbali na njia yetu ya siku hiyo. Kwa vile vitobosha maarufu vya maziwa na mayai, pastel de nata, ulizeni kwanza vimetengenezwa kwa mafuta gani. Sisi tuliuliza, tukajibiwa ni siagi, tukala sita.

Alasiri ilipokaribia tulishika njia ya kando ya mto Tejo, mwendo wa kama nusu saa, hadi jumba la makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga. (Jumatatu hufungwa.) Humo mna kitu nilichokuwa nikikitaka tangu Mombasa. Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha kuonyeshea mkate wao mtakatifu, chote dhahabu, kirefu kama mkono wa mtu. Mitume 12 waliotiwa rangi za kung’aa wamepiga magoti kukizunguka. Kitakoni pameandikwa kuwa mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi au mji wake uteketezwe. Akalipa. Kodi ile haikumfaa kitu: mwaka 1505 manowari za Francisco de Almeida ziliuteka mji ule ule uliolipa, kisha zikaja kuichoma Mombasa. Dhahabu ilikuwa Lisbon tayari, mikononi mwa sonara.

Nilidhani ningekichukia. Sikuweza, ni kazi nzuri mno. Wageni waliokuwa karibu nasi waliwatazama mitume, wakapiga picha, wakapita.

“Mama, hii ni yetu?” binti yangu akauliza.

“Ni ya Kilwa,” nikasema.

“Na Kilwa waliipata wapi?”

Baba yake akamjibu kwamba ilitoka bara, nyuma ya Sofala, ikaletwa na wafanyabiashara. Akanyamaza kidogo, akauliza kama watu wa Kilwa wanajua kwamba iko hapa. Sikuwa na jibu. Alitoa daftari lake akakaa sakafuni kukichora, mlinzi akimtazama bila kusema neno, nasi tukamngoja hadi akamaliza.

Nje pana bustani ndogo inayotazama mto. Nikaivua leso mabegani, nikaitandika majanini kuelekea mashariki, mto ukiwa mkono wetu wa kulia, tukaswali alasiri.