Mboga za Mkebe: Zipi Zafaa Kununuliwa?

Mboga ya mkebe ni mboga iliyofungiwa kwanza, kisha ikapikwa ndani ya chombo chake kwa joto linaloua vijidudu vya kuozesha. Kinachoifanya idumu miaka miwili na zaidi ni joto hilo pamoja na mfuniko usiopitisha hewa. Dawa ya kuhifadhi haihitajiki, na mikebe mingi haina zaidi ya mboga, maji na chumvi. Katika maduka ya Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi hupatikana nyanya, njegere, mahindi matamu, maharagwe ya sosi, dengu na uyoga. Zote zimepitia njia moja, lakini hazitoki zikiwa na thamani moja: ipo mboga inayonufaika na mkebe, na ipo inayopoteza karibu kila kilichoifanya itafutwe.

Mbinu hii ilibuniwa na Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji peremende wa Ufaransa, ambaye mwaka 1810 alilipwa na serikali faranga 12,000 kwa sharti la kuitangaza. Appert alitumia chupa za kioo. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza ya mkebe wa bati nchini Uingereza, na mwaka 1813 kiwanda cha Bermondsey, London, kilikuwa kikiliuzia jeshi la majini vyakula vya mkebe. Sababu ya mbinu hiyo kufaulu haikujulikana mpaka Louis Pasteur alipoonyesha, nusu karne baadaye, kwamba kuoza ni kazi ya vijidudu. Italia iliingia katika biashara hiyo mwaka 1856, Francesco Cirio alipoanza kufungia njegere mjini Turin, na baadaye nyanya za kusini mwa nchi hiyo zikaenea duniani.

Nyanya hizo zina makao yake Malindi. Tangu miaka ya 1960, Italia ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, Waitaliano wengi wamehamia mji huo na kufungua hoteli na mikahawa, na rafu za maduka zikajaa nyanya nzima zilizomenywa. Wakati huohuo Kenya yenyewe hufungia mazao yake na kuyapeleka nje: mananasi ya Thika, na mishiri.

Kiwandani, mboga huoshwa, hukatwa, kisha huchovywa katika maji ya moto kwa dakika chache. Hatua hiyo huvizima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kubadili rangi na ladha, na hutoa hewa iliyomo ndani ya mboga. Kisha mboga hutiwa mkebeni pamoja na maji ya chumvi, hewa iliyobaki huondolewa, na mfuniko huviringishwa pamoja na ukingo wa mkebe mpaka vyuma viwili vikunjane na kubanana kama mshono wa kanzu. Mkebe uliofungwa huingizwa katika tangi la mvuke wenye shinikizo. Ukipoa, mvuke uliomo ndani hugeuka maji, nafasi tupu hubaki, na mfuniko hubonyea kidogo kwa ndani.

Shinikizo linahitajika kwa sababu maji yanayochemka wazi hayapiti nyuzi 100, nalo joto hilo halitoshi kwa mboga nyingi. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hujifungia katika ganda gumu linalostahimili kuchemshwa kwa saa kadhaa. Akiamka mahali pasipo na hewa wala asidi, hutoa sumu inayolegeza misuli hata ile ya kupumulia. Ili kumwua, kiini cha mkebe hufikishwa nyuzi 121 kwa muda wa dakika 3 hivi. Njegere, maharagwe, mahindi, karoti na uyoga hupitia joto hilo. Nyanya zina asidi, na penye pH iliyo chini ya 4.6 bakteria huyo hawezi kukua, kwa hiyo joto la maji yanayochemka huzitosha. Ndiyo sababu kufungia mboga zisizo na asidi nyumbani kwa sufuria ya kawaida ni hatari. Sumu hiyo pia haihitaji mkebe ili itokee: mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha habari za Wakenya waliougua baada ya kula kumbikumbi.

Joto linalookoa mboga ndilo linalopunguza virutubishi vyake, lakini si vyote. Vitamini C na B1 huyeyuka majini na huharibiwa na joto. Njegere na spinachi za mkebe hupoteza zaidi ya nusu ya vitamini C yake. Malindi ina historia na virutubishi hivyo. Januari 1499, Vasco da Gama alipotia nanga akirudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na akatuma mtu pwani kuleta machungwa ambayo wagonjwa walikuwa wakiyatamani. Tofauti na vitamini hizo, nyuzinyuzi, protini na madini mengi hubaki mkebeni, ingawa sehemu ya potasiamu huhamia majini. Rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A huvumilia joto vizuri. Lakini mboga mbichi nayo haikai ilivyo: spinachi ikiwekwa wiki moja kwenye joto la nyuzi 20 tu hupoteza karibu vitamini C yote, na joto la Malindi hupita hapo hata usiku.

Nyanya ndiyo inayofaidika zaidi. Rangi yake nyekundu, likopini, imefungwa ndani ya seli ngumu. Joto na kusaga hupasua seli hizo, na mafuta ya mchuzi huirahisishia likopini kuingia mwilini, hivi kwamba nyanya ya kopo huutolea mwili likopini nyingi kuliko nyanya mbichi. Ile nzito ya kuungia biriani na mchuzi wa samaki huwa na angalau asilimia 24 ya yabisi, ilhali nyanya mbichi ina kama asilimia 5, na sehemu nyingine kubwa ni maji. Kopo dogo la gramu 70 kwa hiyo limebeba yabisi ya takriban theluthi moja ya kilo ya nyanya. Nyanya nyingi zinazouzwa pwani hutoka Taveta, Loitokitok na Tanzania, hupitia soko la Kongowea, Mombasa, na hufika baadhi zikiwa zimepondeka. Mvua ikizidi huko au njia ikikatika, bei hupanda ghafla, na hapo kopo huwa nafuu ya kweli.

Maharagwe na dengu za mkebe hukaribiana kwa lishe na zile zilizopikwa nyumbani, kwa kuwa nazo huliwa baada ya kuchemshwa muda mrefu. Tofauti iko kwenye bei na makaa. Mkebe wa gramu 400 ukichujwa huacha gramu 240 hivi za maharagwe. Kilo moja ya maharagwe makavu, ikirowekwa na kupikwa, hutoa zaidi ya kilo mbili, yaani yaliyomo katika mikebe minane na zaidi. Kwa nyumba yenye watu wengi, gunia la maharagwe, kunde au mbaazi ndilo akiba bora, nayo mbaazi ya nazi ya asubuhi haihitaji mkebe. Kwa mtu anayeishi peke yake chumba cha kupanga, asiye na friji na anayerudi kazini usiku, mkebe humwondolea saa mbili za moto na chakula cha kuchacha.

Njegere na mahindi matamu huja katikati: ladha hupungua, utamu na nyuzinyuzi hubaki. Uyoga hulegea, na mishiri hugeuka rangi ya zeituni kwa sababu kijani cha mboga hubadilika kinapopikwa pamoja na asidi yake yenyewe. Mboga za majani ndizo zisizo na sababu ya kununuliwa mkebeni katika pwani hii. Mchicha, mnavu, kisamvu, matembele, majani ya kunde na mchunga hupatikana kando ya Mto Sabaki na nyuma ya nyumba nyingi, huuzwa kwa fungu, na, isipokuwa kisamvu, huiva kwa dakika chache. Kiangazi cha kaskazi, kati ya Januari na Machi, hupungua na kupanda bei, hasa pande za Ganze na Magarini, lakini hata wakati huo majani yaliyokaushwa kivulini ni akiba ya bei nafuu kuliko mkebe.

Kasoro kubwa ya mboga za mkebe ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, nao mkebe mmoja wa maharagwe ya sosi huweza kubeba gramu 2 au zaidi. Kwa mwenye shinikizo la damu hilo si jambo dogo. Mboga zilizo katika maji ya chumvi zikichujwa na kusuuzwa hupungukiwa na sehemu ya chumvi, na mchuzi hautiwi nyingine kabla ya kuonjwa.

Hali ya hewa ya pwani huupa mkebe maadui wawili. Wa kwanza ni upepo wa bahari, ambao chumvi na unyevu wake huleta kutu pale ukingo ulipokunjwa. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno. Iliyochimba chuma na kuacha vishimo huweza kuwa imefungua tundu lisiloonekana. Wa pili ni joto la stoo zenye paa la mabati. Wako bakteria wanaopenda joto kali, wanaosalia baada ya kiwanda lakini hulala mkebe ukiwa mahali pa baridi. Mmoja wao alitambuliwa Marekani mwaka 1920 katika mahindi ya mkebe yaliyochacha. Huyo hatoi gesi: mkebe hubaki bapa, hauvimbi, na kuharibika hujulikana kwa ukali wa ladha baada ya kufunguliwa. Mkebe unafaa kukaa kivulini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Anayenunua hutazama pande zote mbili za mkebe. Ncha zinapaswa kuwa bapa au kubonyea ndani. Mkebe uliovimba, au ambao ncha yake moja ikibonyezwa ya pili huruka, hutupwa bila kuonjwa. Mkunjo mdogo wa ubavuni hauna madhara, lakini ulio kwenye mshono wa juu au chini huweza kuwa umeachanisha vyuma. Pamoja na tarehe ya mwisho, mkebe wa Kenya huwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, na uliotoka nje hubandikwa stika yake ya bidhaa za kuagizwa.

Mkebe ukishafunguliwa, kilichobaki huhamishiwa bakuli la kioo au plastiki lenye kifuniko, kwa sababu hewa huharakisha bati kuyeyukia chakulani, hasa penye nyanya. Friji hukihifadhi siku mbili au tatu. Pasipo friji huliwa siku hiyohiyo. Chombo chenyewe ni chuma cha kuyeyushwa tena, na kabla hakijafika huko, Kilifi hukifanya taa ya koroboi, kipimo cha nafaka sokoni, na kitalu cha miche ya mwembe.