Choo kisicho na maji ya kutawazia hakijakamilika

Yapo mambo ambayo kila binadamu huyafanya, tajiri kwa maskini, mwalimu kwa mwanafunzi, lakini kalamu zetu huyakwepa kana kwamba hayapo duniani. Mojawapo ni hili la kujisafisha baada ya kwenda haja kubwa. Habari za ujenzi wa vyoo shuleni huandikwa, wakubwa hupigwa picha wakikata utepe, na wafadhili huhesabu milango iliyojengwa. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: mtoto atakayeingia humo atajisafisha kwa kitu gani?

Wasomaji wenye haya nawaomba wanivumilie. Muungwana hunena kwa staha, lakini hunena. Isitoshe, wahenga walituonya kuwa mficha uchi hazai.

Lugha yetu haikulionea haya jambo hili hata kidogo. Ina neno lake mahususi, nalo ni kuchamba. Anayetaka kulipamba husema kutawaza, na Waislamu hulijua kwa jina la kustanji. Neno lisingedumu katika lugha kama jambo lenyewe halikuwa na uzito kwa wenye lugha. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za pwani kopo la msalani halikosekani, na mtoto hufundishwa tangu utotoni kwamba mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na wa kushoto ni wa kutawazia.

Desturi hiyo ni kongwe. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji uliostawi katika karne ya 15 na kuhamwa katika karne ya 17, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na James Kirkman, aliyeanza kazi hapo 1948, walikuta nyumba za mawe zilizokuwa na vyoo vya shimo na mahali pa kujisafishia kwa maji. Mjenzi wa enzi hizo hakukihesabu choo kuwa kimekwisha kabla ya kukifikiria chombo cha maji.

Wala mtu wa bara asidhani kwamba mababu zake walikuwa wachafu. Katika nchi ya Wakikuyu kuna mmea uitwao maigoya, wenye majani mapana, laini kama kitambaa na yenye harufu nzuri. Watu waliyatumia majani hayo msalani, na mmea wenyewe ulipandwa karibu na nyumba ili usitafutwe mbali. Kwa hiyo pwani na bara zilitofautiana katika kifaa tu. Katika kuwajibika zilikuwa kitu kimoja: mwenye nyumba alijua kwamba atakayekwenda haja lazima apate cha kujisafishia.

Wajibu huo ndio uliopotea pale mtoto anapovuka lango la shule. Huko nyumbani ameliacha kopo, na ua wa shule hauna maigoya. Anakuta kuta nne, tundu sakafuni na mlango ambao pengine haufungi. Karatasi hakuna, maji hakuna. Afanye nini? Utafiti uliofanywa katika shule za mashambani za Nyanza na kuchapishwa 2011 uliwauliza watoto wenyewe. Ulibainisha kwamba walitumia karatasi za daftari, majani, mawe, na wengine mikono yao mitupu. Mwalimu anayemkemea mwanafunzi kwa sababu kurasa za katikati za daftari lake zimechanwa, yamkini hajajiuliza zilikokwenda.

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba tujenge vyoo kwanza na mengine yatafuata. Basi na ayapime haya. 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine kutoka shule za magharibi mwa Kenya, ambapo watafiti walipima mikono ya wanafunzi kuona kama ina bakteria wa E. koli, ambao ni dalili ya kinyesi. Baadhi ya shule zilipewa mafunzo ya usafi na dawa ya kutibu maji. Nyingine zilipewa hayo pamoja na vyoo vipya. Mtu angetarajia kwamba penye vyoo vipya mikono itakuwa safi zaidi. Haikuwa hivyo. Miongoni mwa wasichana wa shule zilizojengewa vyoo, uwezekano wa kukutwa na bakteria hao mikononi ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ukilinganishwa na shule ambazo hazikupewa chochote.

Kwa nini? Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba choo kipya huwavuta watoto wakitumie zaidi, lakini wakishakitumia hawana cha kujisafishia, wala sabuni ya kunawia. Nia ilikuwa njema na fedha zilitumika, ila mikono ya wasichana ikazidi kuchafuka. Kwa hakika sijui hoja iliyo nzito kuliko hiyo ya kutuonyesha kwamba choo bila maji ya kutawazia na sabuni ni kazi iliyoachwa nusu.

Madhara yake si ya harufu peke yake. Wako minyoo wadogo weupe, wembamba kama uzi, ambao huwasumbua sana watoto wa umri wa kwenda shule. Usiku jike hutoka na kutaga mayai pembezoni mwa tupu ya nyuma. Mtoto huwashwa, akajikuna, mayai yakanasa kuchani, na asubuhi humpa mwenzake kipande cha muhogo kwa kidole hichohicho. Dawa huwaua minyoo, lakini mtoto asiyejiosha vyema na kunawa mikono ataambukizwa tena baada ya muda mfupi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu nazo husafiri kwa njia iyo hiyo, kutoka kinyesini hadi kinywani.

Msichana ana hatari moja zaidi. Mrija wake wa mkojo ni mfupi, na tundu lake li karibu na tupu ya nyuma. Bakteria walewale wa E. koli, ambao aghalabu huishi matumboni bila kudhuru, wakifika kwenye njia ya mkojo huleta maumivu makali, na wakipanda juu hufika hadi kwenye figo. Kwa sababu hiyo kila msichana yafaa afundishwe kwamba kujisafisha huanzia mbele na kuelekea nyuma, kamwe si kinyume chake. Sentensi hiyo moja haichukui hata dakika moja kufundishwa, nayo ina faida maisha yote.

Tena wako watoto ambao, kwa kukijua choo cha shule kilivyo, huamua kujizuia tangu asubuhi hadi jioni. Kinyesi kinachozuiliwa hukauka na kuwa kigumu, na siku kinapotoka huchana. Mtoto wa namna hiyo atawezaje kuyazingatia masomo ya alasiri?

Njia ya kutawaza ni nyepesi. Mkono wa kulia humwaga maji taratibu, wa kushoto husafisha, kisha mtu hujikausha, na mwisho mikono yote miwili hunawiwa kwa sabuni. Sehemu ya mwisho ndiyo isiyosameheka kuachwa, kwa kuwa maji peke yake hayatoshi kuiondolea mikono uchafu huo. Asiyekuwa na kopo anaweza kuitoboa vitundu vidogo kifunikoni chupa ya plastiki ya nusu lita. Akiibonyeza, maji hutoka kwa nguvu kidogo na yakatumika kwa uchache.

Madukani mijini hupatikana pia kipira laini chenye umbo la peasi na mdomo mwembamba. Ukikibonyeza hutoa hewa, ukikitumbukiza majini na kukiachilia hufyonza maji, na ukikibonyeza tena huyarusha. Kwa mzee asiyeweza kuinama, kwa mlemavu, kwa mwenye bawasiri asiyestahimili kukwaruzwa na karatasi, au kwa mama aliyetoka kujifungua, kurushia maji nje ya mwili kwa kipira kama hicho ni nafuu kubwa, nacho hutumika tena na tena kwa muda mrefu. Lakini kina masharti yake. Kiwe cha mtu mmoja, kisiazimwe hata kwa ndugu, maana mdomo wake unaweza kuhamisha maradhi. Kila baada ya matumizi kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikamuliwe, kisha kiangikwe mdomo chini kikauke, kwa kuwa unyevu ukibaki tumboni mwake huotesha kuvu ambao jicho haliwaoni.

Hapa pana onyo ambalo vijana hasa wanapaswa kulisikia. Kipira hicho kinaweza pia kuingiza maji ndani ya mwili, na wako wanaodhani kwamba kadiri mtu anavyojiosha ndani ndivyo anavyokuwa safi. Sivyo. Sehemu ya mwisho ya utumbo ina utando laini uliofunikwa na ute, na ute huo ndio kinga yake. Mtu mwenye afya hahitaji kuuosha. Utumbo hujisafisha wenyewe kila anapokwenda haja. Anayeuosha mara kwa mara huuondoa ute, huukwaruza utando na kuyafungulia maradhi mlango. Akitia sabuni, chumvi nyingi au maji ya moto, ndipo anapojiumiza zaidi. Aliyefunga choo na anywe maji ya kutosha, ale mboga, matunda na maharagwe, na tatizo likiendelea amwone daktari, ambaye ndiye ajuaye ni lini mtu atiwe maji, kiasi gani na kwa njia gani. Wahenga wana methali yao kuhusu kuchamba kwingi na matokeo yake. Wasomaji wanaijua, kwa hiyo sina haja ya kuimalizia hapa.

Wako watakaouliza maji yatatoka wapi katika shule ambayo hata ya kunywa hayatoshi. Swali hilo ni la haki, na hesabu yake si ngumu. Tuchukue shule ya wanafunzi 400, na tuseme kila mmoja ahitaji nusu lita ya kutawazia kwa siku, ijapokuwa si wote watakaokwenda haja kubwa wakiwa shuleni. Jumla ni lita 200, yaani jerikeni kumi za lita ishirini. Paa moja la madarasa likiwekwa mfereji na tangi, mvua za masika hutoa kiasi hicho kwa siku nyingi. Pale ambapo ukame umezidi, karatasi na iwekwe katika bajeti ya shule kama chaki inavyowekwa. Hakuna mwalimu mkuu anayemwambia mwalimu wa darasa aje na chaki yake kutoka nyumbani.

Wengine watasema kwamba haya ni kazi ya mzazi. Mzazi ana sehemu yake, naam, lakini mtoto hukaa shuleni saa nyingi za mchana, na wa bweni hukaa muhula mzima. Tena mzazi aliyelelewa kwa majani atamfundisha mwanawe majani, aliyelelewa kwa kopo atamfundisha kopo, na wote wawili watakutana katika choo ambacho hakina hata kimoja. Shule ndiyo pekee inayoweza kuwapa watoto wa makabila na dini zote kanuni moja na kifaa kimoja.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Haki hiyo haina maana kwa mtoto wa darasa la pili iwapo tunaitafsiri kuwa ni ukuta na bati tu. Kwa hiyo bodi za shule na ziandike katika makadirio yao ya kila mwaka fungu la maji ya kutawazia, makopo na sabuni. Mwalimu wa zamu na akague kama maji yamo, kama anavyokagua kama kengele imelia. Walimu wa madarasa ya chini na walifundishe somo hili waziwazi, kwa maneno ya heshima, wavulana na wasichana, bila kucheka wala kuruhusu kicheko. Na wanafunzi wakubwa, hasa viranja, wasione kwamba kuyajaza madumu ya chooni ni adhabu. Ni kazi ya heshima inayomkinga ndugu mdogo na maradhi.

Mahali pengi adhabu ya mkosaji imekuwa kuosha choo. Mtoto anayeona choo kuwa pahali pa kuadhibiwa ataelewaje kuwa usafi wake ni jambo la thamani? Desturi hiyo yafaa ikomeshwe, na kazi hiyo igawiwe wote kwa zamu.

Vyoo vipya vitaendelea kujengwa, na sherehe za kuvifungua hazitakosekana. Mgeni wa heshima atakapokabidhiwa mkasi, na atokee mzazi mmoja, au mwalimu mmoja, au hata mwanafunzi mwenye ujasiri, anyooshe mkono na kuuliza kwa adabu: maji ya kutawazia yako wapi? Jibu lisipopatikana, utepe na usubiri.