Ghala Linalolisha Kaunti Tisa: Benki ya Chakula na Afya ya Mgonjwa

Kwenye bahasha ya dawa, mfamasia huandika maneno machache ambayo ni nadra kutiliwa shaka: "kutwa mara mbili, baada ya kula." Maagizo hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba chakula kipo. Kwa mgonjwa ambaye hajabandika sufuria jikoni tangu jana, hayatekelezeki. Ama atameza dawa tumbo likiwa tupu, ama ataiweka kando akingoja siku ya kupata chakula. Ikiwa dawa yenyewe ni insulini au glibenklamidi, njia zote mbili zaweza kumrudisha hospitalini akiwa amebebwa.

Hatari hiyo imepimwa kwa hesabu. Mwaka 2014 Dkt. Hilary Seligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchambuzi wa takwimu za wagonjwa waliolazwa katika hospitali za jimbo la California. Waligundua kwamba miongoni mwa watu wa kipato cha chini, kulazwa kwa sababu ya sukari ya damu kushuka kupita kiasi kuliongezeka kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi kulinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa watu wa kipato cha juu, ongezeko la namna hiyo halikuonekana. Dawa zilikuwa zilezile mwezi mzima. Kilichopungua kadiri tarehe zilivyosonga ni fedha, na pamoja na fedha, chakula.

Haya yalitokea katika nchi tajiri. Kwa takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, mwaka 2023 kaya milioni 18, sawa na asilimia 13.5 ya kaya zote, hazikuwa na uhakika wa chakula wakati fulani katika mwaka. Ni nchi hiyohiyo iliyoasisi taasisi ambayo leo imeenea duniani: benki ya chakula.

Chanzo chake

Benki ya kwanza ya chakula ilianzishwa mwaka 1967 katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Mwanzilishi wake, John van Hengel, alikuwa mfanyabiashara wa zamani aliyejitolea kuhudumu katika jiko la hisani la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukusanya machungwa na malimau yaliyobaki mitini katika nyua za watu, ili yasiozee chini wakati kuna wenye njaa.

Kwa masimulizi yaliyohifadhiwa kuhusu mwanzo huo, van Hengel alikutana na mama wa watoto kumi aliyekuwa akiwalisha kwa vyakula vilivyotupwa na maduka makubwa. Mama huyo alimweleza kwamba vingi havikuwa vibovu: makopo yaliyobonyea, mboga zilizosinyaa kidogo, mikate ya jana. Ndiye aliyempa wazo kwamba pangefaa kuwepo mahali pa kuweka chakula kisichohitajika na pa kukichukua kinapohitajika, kama watu wanavyoweka na kuchukua fedha benki.

Van Hengel alilipeleka wazo hilo katika parokia ya Mtakatifu Maria. Parokia ilimpa jengo la tanuri la mikate lililokuwa halitumiki, pamoja na dola 3,000. Katika mwaka wa kwanza, ghala hilo liligawa pauni 250,000 za chakula, yaani zaidi ya tani 110, kwa mashirika 36 ya hisani. Jina la parokia ndilo lililobaki kuwa jina la benki: St. Mary's Food Bank. Leo inahudumia kaunti 9 kati ya 15 za Arizona. Kaunti nyingine zinahudumiwa na benki za Tucson na Yuma.

Mpango huo ulienea kwa haraka katika miaka ya 1970. Sheria ya kodi ya mwaka 1976 iliyapa makampuni sababu ya kutoa bidhaa badala ya kuzitupa, kwa kuwa yalipata nafuu ya kodi. Mwaka 1996 ilipitishwa sheria nyingine inayomkinga na mashtaka mtu au kampuni inayotoa chakula kwa nia njema, isipokuwa pale penye uzembe mkubwa au kusudi la kudhuru. Mtandao wa kitaifa ulioanzia Phoenix, ambao tangu mwaka 2008 unaitwa Feeding America, sasa unaunganisha benki za chakula zipatazo 200.

Namna inavyofanya kazi

Wengi hudhani kwamba benki ya chakula ni dirisha la kugawia vyakula. Kwa kweli, sehemu kubwa ya kazi yake haionekani na mwenye njaa. Benki ya eneo ni ghala kuu: ina vyumba vya ubaridi, malori, mizani, watunza stoo na wakaguzi wa usalama wa chakula. Chakula huingia kutoka viwandani, madukani, mashambani na katika mipango ya serikali. Kisha hupangwa, hukaguliwa na kupelekwa kwa vituo washirika: makanisa, misikiti, shule, makazi ya wasio na nyumba, majiko ya hisani na zahanati. Vituo hivyo ndivyo vinavyomkabidhi mtu mfuko wake wa chakula.

Mgawanyo huo wa kazi una hekima yake. Kanisa dogo la kijijini haliwezi kupokea lori zima la viazi kutoka kwa mkulima, wala kiwanda hakiwezi kufuatilia mahitaji ya mitaa mia moja. Ghala la eneo husimama katikati. Lina uwezo wa kupokea kwa wingi, na kupitia washirika wake linajua nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea na mtaa upi umepoteza ajira.

Thamani ya ujuzi huo wa mahali ilidhihirika pia katika ngazi ya taifa. Kwa miaka mingi makao makuu ya mtandao wa Marekani yalikuwa yakizigawia benki kile kilichokuwapo, kwa zamu. Ikawa benki ya Idaho, jimbo linalosifika kwa viazi, yaweza kupelekewa viazi zaidi. Mwaka 2005, kwa msaada wa wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, utaratibu ulibadilishwa. Kila benki ilipewa hisa zisizo fedha halisi, na benki zenye wahitaji wengi zilipewa nyingi zaidi. Kwa hisa hizo huchagua zenyewe chakula zinachokihitaji. Aliye karibu na mwenye njaa akawa na sauti juu ya kinachofika mezani.

Nguvu ya jamii

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha nafaka. Benki ya chakula huishi kwa haba hizo. Mwanafunzi hutoa saa mbili za Jumamosi kupanga makopo. Dereva mstaafu huendesha lori. Mkulima huruhusu kikundi cha kujitolea kuingia shambani baada ya mavuno na kuokota yaliyobaki. Muuza duka huweka kando mikate ya jioni badala ya kuimwaga jalalani. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye peke yake angeweza kulisha mtaa, lakini bila wao ghala lingekuwa kuta tupu.

Nguvu hiyo ilijaribiwa wakati wa janga la UVIKO-19. Mwezi Aprili 2020, katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, familia zipatazo 10,000 zilijitokeza kwa siku moja kupokea chakula, zikiwa katika misururu mirefu ya magari. Wengi walikuwa watu waliokuwa na ajira wiki chache tu kabla. Siku ile ilifundisha kwamba umbali kati ya anayechangia na anayepokea waweza kuwa mshahara mmoja tu.

Hata hivyo, waendeshaji wa benki hizi wenyewe hukiri mipaka yao. Feeding America hueleza kwamba kwa kila mlo mmoja unaotolewa na benki zake, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini kununua chakula hutoa milo tisa. Hisani haiwezi kuchukua nafasi ya sera nzuri, kipato cha haki na kilimo imara. Kazi yake ni kumfikia mtu leo, wakati mengine yakitafutwa.

Kushiba na kulishwa vyema

Wahudumu wa afya wana sababu ya kuuliza swali la pili: chakula gani? Bidhaa ambazo ni rahisi kutolewa mara nyingi ni zile zinazodumu rafuni, nazo huweza kujaa sukari, chumvi na mafuta. Mfuko wa biskuti na soda huondoa njaa ya saa moja na kuzidisha kisukari cha miaka kumi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 jopo la wataalamu nchini Marekani lilitoa mwongozo wa lishe kwa benki za chakula. Mwongozo huo hupanga vyakula katika madaraja matatu, vya kuchaguliwa mara nyingi, mara chache na kwa nadra, kulingana na mafuta yaliyoganda, chumvi na sukari iliyoongezwa.

Hospitali nazo zimeingia katika kazi hii. Tangu mwaka 2001, kituo cha tiba cha Boston Medical Center kimekuwa na stoo yake ya chakula. Daktari humwandikia mgonjwa chakula kama anavyomwandikia dawa, naye hushuka stoo na kuchukua kinachofaa kwa maradhi yake na kwa watu wa nyumbani kwake.

Je, sukari hushuka? Ushahidi unataka kusomwa kwa uangalifu. Katika jaribio la awali lililochapishwa mwaka 2015, benki za chakula za Texas, California na Ohio ziliwapa wagonjwa wa kisukari chakula kinachowafaa pamoja na elimu na vipimo. Wastani wao wa sukari wa miezi mitatu ulipungua kutoka asilimia 8.11 hadi 7.96. Utafiti uliofuata, uliokuwa na kundi la kulinganisha, ulionyesha kwamba uhakika wa chakula na ulaji wa matunda na mboga viliongezeka, lakini haukuonyesha tofauti katika kipimo hicho cha sukari. Kwa hiyo chakula hakifuti haja ya dawa na ufuatiliaji. Ila bila chakula, dawa na ufuatiliaji havina pa kusimama.

Somo lililofika Eldoret

Afrika Mashariki haikuhitaji kungoja kufundishwa jambo hili. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mpango wa AMPATH wa kutibu VVU. Mapema kabisa matabibu waliona kwamba wapo wagonjwa waliopewa dawa lakini hawakuwa na cha kula. Mpango ukaanzisha mashamba, likiwemo la Mosoriot, na baadaye ukapata msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wataalamu wa lishe waliandika kiasi cha chakula kwa mgonjwa na wategemezi wake, kwa muda maalumu, huku mgonjwa akisaidiwa kurudi katika kujitegemea. Nchini Kenya vilevile, shirika la Food Banking Kenya hukusanya mazao na vyakula vya ziada na kuvifikisha kwa wahitaji, likiwa sehemu ya mtandao wa kimataifa wa benki za chakula.

Kutoka ghalani hadi chumba cha daktari

Kliniki isiyo na ghala wala lori bado inaweza kuanza, kwa kuuliza. Watafiti wa afya ya watoto nchini Marekani walithibitisha mwaka 2010 kwamba maswali mawili yanatosha kubaini sehemu kubwa ya kaya zenye tatizo. La kwanza: je, katika miezi 12 iliyopita mliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla ya kupata fedha za kununua kingine? La pili: je, chakula kiliwahi kuisha kweli, na fedha za kununua kingine hazikuwepo? Jibu la ndiyo kwa swali lolote linatosha kuendeleza mazungumzo. Mwaka 2015, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza familia zote ziulizwe.

Maswali hayo yaulizwe faraghani, kwa upole, na yaulizwe kwa kila mtu, ili asiwepo anayehisi kwamba ametambuliwa kwa mavazi yake. Anayeuliza awe pia na jibu mkononi: orodha ya makanisa, misikiti, vikundi vya wanawake, ofisi ya ustawi wa jamii na serikali ya mtaa ambako msaada hupatikana.

Mgonjwa naye ana lake la kufanya. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi amweleze mhudumu mapema, bila haya, kwamba chakula nyumbani hakina uhakika; dawa au dozi yaweza kupangwa upya. Asiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Akihisi kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, ale au anywe kitu chenye sukari mara moja kisha atafute msaada. Akipoteza fahamu, asilazimishwe kumeza chochote. Apelekwe hospitalini haraka.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husema methali. Swali la mhudumu wa afya, likiulizwa kwa heshima, ni njia mojawapo ya kumjua, na baada ya kumjua ndipo mfuko wa unga, kilo ya maharage au fungu la mchicha vinapoweza kutafutwa, ili maneno "baada ya kula" yawe maagizo anayoweza kuyatimiza.