INI LA MBWA MDOGO (3): Damu Inayochepuka

Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kuwa uzalishaji wa mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, jinsi ulivyokuwa ukifanyika, unavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Kesi ile ilihusu moyo na fuvu, si ini. Lakini swali lake linawakabili vilevile wazalishaji wa Yorkshire Terrier na Maltese: ni haki gani inayomruhusu binadamu kurithisha maradhi kwa kuwa tu umbo la kiumbe limempendeza?

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza kazi za ini na jinsi mshipa wa lango unavyoliletea damu kutoka matumboni. Mchepuko ni mshipa wa ziada unaoipitisha damu hiyo pembeni, ikaingia kwenye mzunguko mkuu na amonia yake yote, sumu ambayo ini lilipaswa kuiondoa. Kwa mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier na Maltese mshipa huo kwa kawaida huwa mmoja, uko nje ya ini, na mtoto huzaliwa nao.

Mchepuko umewahi pia kutengenezwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka 1877, mjini St. Petersburg, daktari wa upasuaji Nikolai Eck aliunganisha mshipa wa lango na mshipa mkuu wa chini kwa mbwa wanane. Saba walikufa ndani ya wiki moja. Wa nane aliishi miezi miwili na nusu, kisha akatoroka. Kwa ushahidi wa mtoro huyo mmoja, Eck alitangaza kuwa damu inaweza kuchepushwa bila madhara makubwa, na kwamba huenda njia hiyo ikawafaa wagonjwa wanaojaa maji tumboni.

Ivan Pavlov hakuridhika. Yeye na wenzake Hahn, Massen na Nencki waliurudia upasuaji huo, wakachapisha matokeo mwaka 1893. Mbwa waliopona kidonda walibadilika tabia. Wapole wakawa wakali na wakaidi. Wakilishwa nyama walipepesuka, wakapofuka kwa muda, wakashikwa na degedege, na baadhi wakazimia wasiamke tena. Kwa maziwa na mkate hali yao ilikuwa afadhali, na wapo walioikataa nyama wenyewe. Pavlov wa mate na kengele anajulikana kila shule, ilhali huyu wa ini, aliyewaonyesha madaktari kuwa chakula kinaweza kuuvuruga ubongo, hatajwi kabisa. Si haki.

Aliyoyaona Pavlov ndiyo anayoyaona mwenye Yorkshire Terrier mgonjwa. Mtoto amedumaa kuliko ndugu zake wa uzao mmoja. Anachagua chakula, anakunywa maji kupita kiasi. Saa chache baada ya kula anaduwaa, anazunguka chumba, kisha anakibana kichwa ukutani na kubaki hivyo. Wengine hugundulika kwa mawe ya mkojo, au kwa kuchelewa mno kuzinduka baada ya kufungwa kizazi. Si kila degedege ni kifafa, na daktari anayeandika dawa za kifafa bila kupima ini la mbwa mdogo amefanya haraka.

Kipimo cha kuanzia ni asidi za nyongo: damu huchukuliwa mbwa akiwa na njaa, halafu tena saa mbili baada ya kula. Kwa Maltese kipimo hiki hudanganya, maana hata walio wazima huweza kuonyesha kiwango cha juu. Hapo amonia nayo ipimwe. Ultrasaundi au skani ya CT ndiyo huonyesha mshipa wenyewe.

Tiba huanza kwa kumtuliza mgonjwa. Laktulosi, sharubati ileile wanayopewa watu wenye ini lililosinyaa, huinasa amonia utumboni ikatoka na kinyesi. Antibayotiki hupunguza bakteria wanaoizalisha. Protini ya maziwa, mayai au soya huvumilika kuliko ya nyama nyekundu, ila kumnyima protini mtoto anayekua ni kumdhuru mara ya pili. Kisha upasuaji, kwa anayefaa. Mshipa ukifungwa wote kwa mkupuo, shinikizo la damu matumboni linaweza kumuua, hivyo huvishwa pete ya chuma yenye kaseini ndani. Kaseini hunyonya majimaji, ikavimba na kuubana mshipa taratibu kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo mbwa huangaliwa usiku na mchana, kwa kuwa degedege linaweza kuzuka hata upasuaji ukienda vizuri.

Pete hiyo, hata hivyo, haigusi damu ya urithi. Uholanzi, wataalamu wa Utrecht wamepima amonia kwa watoto wa Irish Wolfhound na Cairn Terrier kabla hawajauzwa. Linalowezekana huko linawezekana kwingine. Mnunuzi wa Yorkshire Terrier adai majibu ya asidi za nyongo kabla ya kutoa fedha, na mbwa aliyepona mchepuko asizalishwe, hata awe mzuri namna gani.